Ufunguo wa chumba ushikwe na nani?

*Mashirika mengi yanayohudumia watu wenye ulemavu yamejifunza kuandika mpango wa kila mtu. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi: kubadilisha zamu, ratiba na mamlaka ili mpango huo utoke kabatini.*

Tarehe 20 Juni 2011, mwanamke aitwaye Lois Curtis aliingia ofisini kwa Rais wa Marekani, Barack Obama, akiwa amebeba picha aliyoichora kwa mkono wake. Ilikuwa picha ya mtoto wa kike aliyevaa gauni la rangi ya chungwa. Curtis alikuwa amechora picha kadhaa za namna hiyo, akijichora alivyokuwa mdogo, kwa sababu hakuwa na picha hata moja ya utoto wake. Alikuwa na ulemavu wa akili pamoja na ugonjwa wa akili, na sehemu kubwa ya utoto na ujana wake ilipotelea katika hospitali na taasisi za jimbo la Georgia. Huko faili la mtu hujaa majina ya dawa na matokeo ya vipimo, lakini mtu anaweza kukua mpaka utu uzima asiwe na kumbukumbu moja ya uso wake mwenyewe.

Madaktari waliomtibu walishakubali kwamba angeweza kuishi mtaani akipata msaada. Hata hivyo, aliendelea kukaa hospitalini. Akawa anampigia simu Sue Jamieson, wakili wa shirika la msaada wa kisheria la Atlanta, kumuuliza atatoka lini. Kesi ikafunguliwa mwaka 1995, baadaye akaungana naye mwanamke mwingine, Elaine Wilson, na tarehe 22 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 3. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ijulikanayo kama hukumu ya Olmstead, ilisema kwamba kumfungia mtu katika taasisi bila ulazima ni ubaguzi kwa sababu ya ulemavu.

Mahakama inaweza kufungua lango la hospitali. Haiwezi kuamua mtu aamke saa ngapi, aogeshwe na nani, ale nini, wala kama mezani pake patakuwa na rangi za kuchorea. Mambo hayo huamuliwa kila siku na shirika linalotoa huduma: meneja anayepanga zamu, mhudumu anayeshika funguo, mpishi anayefunga jiko saa mbili usiku. Ndiyo maana mjadala wa huduma inayoanza na mtu mwenyewe, ambao sasa umefika hata kwenye semina na maandiko ya miradi ya mashirika yetu, unapaswa kupimwa kwa swali moja: katika shirika hili, nani amepunguza mamlaka yake ili mtu mwenye ulemavu apate ya kwake? Jibu likiwa hakuna, kilichobadilika ni maneno tu.

Wazo lililozaliwa magofuni

Huduma hii haikuanzia kwenye nadharia za vyuoni. Willowbrook, taasisi ya serikali katika kisiwa cha Staten, New York, ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000 wenye ulemavu wa akili, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na takriban 6,000. Mwaka 1972 mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera aliingia na kamera, na Wamarekani wakaona watoto walio uchi wakiwa wamejikunyata sakafuni katikati ya uchafu wao. Miaka minne kabla, Bill Baldini alikuwa ameshaonyesha hali kama hiyo katika taasisi ya Pennhurst, jimboni Pennsylvania. Kesi zilifuatia, na mwaka 1987 taasisi zote mbili zikafungwa.

Pennhurst iliacha pia ushahidi. Watafiti waliwafuatilia watu 1,154 waliokuwa wakiishi huko, na ripoti yao ya mwaka 1985 ilionyesha kwamba waliohamia kwenye nyumba za kawaida walipata stadi nyingi zaidi za maisha kuliko wenzao waliobaki. Familia nyingi zilizopinga uhamisho, zikiogopa kwamba ndugu zao wangeachwa bila ulinzi, zilibadili mawazo baada ya kuona matokeo. Gharama nazo zilishuka. Sehemu kubwa ya unafuu huo, hata hivyo, ilitokana na mishahara ya wahudumu wa mitaani kuwa midogo kuliko ile ya watumishi wa taasisi. Jambo hili la mishahara litarudi hapa chini, kwa kuwa nalo lina gharama yake.

Kufunga taasisi hakukumaliza shida. Watu walihamishiwa nyumba ndogo za watu sita au wanane, na ratiba ya taasisi ikawafuata humo: wote wanaamka saa moja, wote wanapanda basi moja, wote wanatazama televisheni ileile. Aliyekataa aliandikwa kuwa mkorofi na kutishiwa kurudishwa alikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Michael Smull na Susan Burke Harrison wa Chuo Kikuu cha Maryland walianza kuwashughulikia watu hasa wa aina hiyo, wale waliosemwa kuwa hawajawa tayari kuishi mitaani. Badala ya kuuliza namna ya kuwatuliza, waliuliza ni maisha gani ambayo mtu huyu hawezi kuyavumilia, na ni yapi angeyachagua. Jibu likitafutwa kwa dhati, ukorofi mwingi huonekana kuwa ni malalamiko ambayo hayakupata msikilizaji.

> Ratiba ya taasisi inaweza kumfuata mtu mpaka ndani ya nyumba ya vyumba vitatu.

Maswali mawili yanayotenganishwa

Kutokana na kazi hiyo ya Smull na Harrison ulitokea utofautishaji ambao ndio uti wa mgongo wa huduma hii. Kuna mambo yenye thamani machoni pa mtu mwenyewe: anaoishi nao, chakula anachokipenda, kuamka bila kuharakishwa, ibada yake, redio yake, dada yake anayekuja Jumapili. Kuna pia mambo yanayohitajika kwa ajili ya uzima wake: dawa za kifafa, kuzuiwa asipaliwe, usalama barabarani. Vituo vingi hujaza mafaili kwa mambo ya kundi la pili pekee. Mtu anaweza kuwa na kurasa 40 zinazoeleza ugonjwa wake pasiwe na sentensi moja inayosema anafurahia nini. Na kosa la upande wa pili lipo: kumwachia mtu afanye lolote kwa jina la uhuru mpaka adhurike, kisha kusema alichagua mwenyewe. Kazi yenyewe ni kuyashika makundi yote mawili na kutafuta njia ambayo mtu anapata uzima wake ndani ya maisha anayoyataka.

Wanaopinga huuliza: vipi kuhusu asiyezungumza? Swali ni la haki, na mbinu iliyobuniwa kulijibu ni rahisi kiasi cha kuandikwa kwenye daftari la shule. Karatasi inagawanywa safu nne. Ya kwanza inaeleza kinachoendelea wakati ule. Ya pili, anachofanya mtu. Ya tatu, tunavyodhani anamaanisha nini. Ya nne, tufanye nini. Chukua mfano wa kijana ambaye faili lake linasema ni mbishi wakati wa kuoga. Kwenye safu nne habari yake inasomeka hivi: jioni, anapoitwa bafuni na mhudumu mgeni, anashika fremu ya mlango na kupiga kelele, tunadhani anaogopa mtu asiyemjua na maji ya baridi, maji yapashwe moto, aoge asubuhi, aogeshwe na yule aliyemzoea. Neno lenye uzito kuliko yote hapo ni "tunadhani". Linamlazimisha mhudumu akiri kwamba anakisia, na kwamba kesho anaweza kusahihishwa na kijana mwenyewe, kwa kelele au kwa ukimya. Mama aliyemlea mtoto asiyesema huifanya kazi hii kichwani miaka yote bila karatasi. Shirika linaihitaji karatasi kwa sababu wahudumu wake hubadilishana zamu, na ujuzi wa mmoja huondoka naye akifunga geti.

Lakini angalia kinachofuata. Kijana akiogeshwa asubuhi na mhudumu anayemzoea, orodha ya zamu lazima ibadilike. Maji ya moto lazima yapatikane. Mhudumu wa asubuhi, ambaye sasa ana kazi zaidi, lazima apunguziwe nyingine. Mpango wa mtu mmoja umegusa bajeti, stoo na ofisi ya utumishi. Hapa ndipo mashirika mengi hukwama. Yako radhi kuandika mpango mzuri wenye picha na rangi, ila hayako radhi kugusa orodha ya zamu.

Mhudumu asiyesikilizwa hasikilizi

Smull, pamoja na Mary Lou Bourne na Helen Sanderson, walilieleza tatizo hili kwa kugawa mabadiliko katika ngazi tatu. Yapo ambayo mhudumu anaweza kuyafanya mwenyewe katika kazi yake, bila kibali. Yapo yanayohitaji uongozi ubadilishe taratibu za shirika. Na yapo yanayotaka sera za serikali au masharti ya fedha yabadilishwe. Mgawanyo huu unaumbua tabia tuliyonayo ya kupeleka wahudumu semina ya siku tatu, kuwapa vyeti, kisha kuwarudisha kwenye kituo ambacho hakijabadilisha kanuni hata moja. Tumewafundisha ngazi ya kwanza tu, na lawama ya ngazi mbili zilizobaki tumewatwika wao.

Ushahidi mzuri zaidi kuhusu jambo hili unatoka Uingereza. Mwaka 2001 serikali ya huko, katika sera yake kuhusu watu wenye ulemavu wa akili, ilifanya mipango inayoanza na mtu kuwa nguzo ya huduma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliwafuatilia watu 93 katika maeneo manne, na 65 kati yao walipata mipango. Ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba waliopata mipango walionana zaidi na familia na marafiki, walitoka zaidi kwenda kwenye shughuli za jamii, na walikuwa na uamuzi zaidi juu ya maisha yao. Gharama za huduma hazikuongezeka kwa kiasi cha kutajika. Ila mipango hiyo haikuwapatia watu ajira, na wenye matatizo ya kihisia au ya afya ya akili walikuwa na nafasi ndogo ya kuandaliwa mpango. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 nayo yalihitimisha kwamba faida zipo lakini ni za wastani, na tafiti zenyewe bado ni chache. Anayeinadi huduma hii kama dawa ya kila kitu hausomi ushahidi wake.

Mimi naona jambo moja katika utafiti wa Lancaster lina uzito kuliko takwimu za marafiki na matembezi. Kilichotabiri kwa nguvu zaidi kama mtu angepata mpango ni dhamira ya yule aliyekabidhiwa kuuandaa. Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya mabega ya mfanyakazi wa chini. Sasa rudi kwenye ile mishahara midogo ya wahudumu wa mitaani katika habari ya Pennhurst. Nchini Marekani, karibu asilimia 40 ya wahudumu wa watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji huacha kazi kila mwaka. Yule aliyejua kwamba kijana anaogopa maji baridi ameondoka. Aliyekuja anasoma faili linalosema ni mbishi. Shirika linalomlipa mhudumu kwa kuchelewa, linalompangia zamu bila kumuuliza na kumkaripia mbele ya wakazi, haliwezi kumtaka amsikilize mtu mwingine kwa heshima ambayo yeye hajawahi kuionja kazini. Kwenye kikao cha kupanga maisha ya mkazi, anayepaswa kukaa karibu naye ni mhudumu huyu, na mara nyingi ndiye asiyealikwa, kwa kuwa wakati huo anafua mashuka.

> Kwenye kikao cha kupanga maisha ya mkazi, anayemjua zaidi mara nyingi yuko uani anafua mashuka.

"Lakini usalama je?"

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na Tanzania ina sababu ya kulijua. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia mwaka 2007, hasa Kanda ya Ziwa, watoto walikimbiziwa kwenye shule na vituo kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu. Uamuzi ule uliokoa maisha. Hakuna mpango wa mtu binafsi ambao ungemsaidia mtoto aliyekuwa akiwindwa usiku, na mtu asije na maneno mazuri ya haki za kuchagua kuwabeza waliofungua mageti yale. Tatizo lilikuja baadaye, pale makazi ya dharura yalipozoeleka. Mtoto aliyeingia akiwa na miaka mitano anafikisha kumi na miwili, anaijua namba ya kitanda chake kuliko jina la shangazi yake. Umoja wa Mataifa, kupitia aliyekuwa mtaalamu wake wa haki za watu wenye ualbino, Ikponwosa Ero, aliyezuru Tanzania mwaka 2017, ulisisitiza haja ya kuwarudisha watoto hao katika familia na jamii zao.

Usalama, basi, ulikuwa sababu ya kweli ya kumweka mtoto ndani. Haukuwa sababu ya kutomuuliza anamkumbuka nani nyumbani, wala ya kutopanga tangu siku ya kwanza ndugu gani atamtembelea, barua zitafikaje, na ni dalili gani zikionekana kijijini atarudi. Ulinzi usio na tarehe ya kuutazama upya hugeuka kifungo, hata kama waliouanzisha wana upendo wote duniani.

Kanuni za Marekani zimejaribu kuliandika hili kisheria. Januari 2014 serikali ya huko ilitoa kanuni kwa ajili ya huduma za majumbani na mitaani zinazolipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na watu wenye ulemavu. Mpango wa huduma lazima uongozwe na mwenyewe, naye achague nani waje kwenye kikao. Anayeishi katika nyumba ya shirika awe na mlango wa chumba unaofungwa kwa ufunguo, na ni wahudumu wanaostahili tu wawe na ufunguo mwingine. Achague wa kulala naye chumba kimoja. Apambe chumba apendavyo. Apate chakula wakati wowote, na wageni wakati wowote. Ikibidi kumwekea mtu zuio, tuseme jokofu lifungwe kwa sababu ya ugonjwa unaomfanya ale bila kushiba, zuio hilo liandikwe kwenye mpango wake yeye peke yake, likionyesha njia laini zilizojaribiwa kwanza, ridhaa yake, na muda litakapopitiwa tena. Wenzake wa nyumba hiyo hawafungiwi chakula kwa sababu yake. Hilo ndilo jibu la pingamizi la usalama: hatari ya mmoja isiwe kanuni ya wote.

Je, ni umimi wa Kizungu?

Husemwa pia kwamba habari za mtu kuchagua maisha yake ni umimi uliotoka ng'ambo, na kwamba huku kwetu mtu ni watu. Anayesema hivyo hajatazama jinsi kazi hii inavyofanyika. Mwaka 1980 mjini Toronto, Judith Snow, mwanamke mwenye ulemavu mkubwa wa viungo, alikuwa akidhoofika hospitalini kwa kukosa pa kuishi. Marafiki zake waliunda kundi, wakakutana mara kwa mara, wakaibana serikali ya jimbo la Ontario mpaka ikampa fedha za kuajiri wasaidizi wake mwenyewe. Aliishi, akaandika, akafundisha, hadi alipofariki mwaka 2015. Kundi lile lilikuwa mfano wa awali wa kile kinachoitwa sasa mduara wa watu wa karibu, na msingi wake ni uleule wa kikao cha ukoo kinachoitishwa mwenzao akipatwa na jambo.

Tofauti ni moja, na siyo ndogo. Katika vikao vyetu vingi mwenye ulemavu hujadiliwa akiwa chumba cha pili. Baba mdogo anasema, shangazi anasema, mjumbe anasema, na mwenyewe anaambiwa kilichoamuliwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bado tunampangia mtu kitanda miaka nenda miaka rudi bila kumuuliza. Ukoo haupotezi chochote ukimweka mwenye jambo katikati ya mkeka. Uganda, Kenya na Rwanda ziliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na ibara ya 19 ya mkataba huo inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Mwaka 2017 kamati ya mkataba ilifafanua kwamba taasisi haitambuliwi kwa ukubwa wa jengo. Nyumba ya watu watano inaweza kuwa taasisi ikiwa wakazi hawana kauli juu ya nani anawasaidia, wanafuata ratiba isiyojali matakwa yao, na wote hufanya jambo moja mahali pamoja kwa amri.

Kuhusu fedha, maneno yatoshe machache. Kumuuliza mkazi anataka kuamka saa ngapi hakuhitaji mfadhili. Kumlipa mhudumu kwa wakati kunahitaji fedha, na ni haki kuomba fedha hizo. Mashirika yetu yanaposaini mikataba na wafadhili yanaweza kudai kwamba taarifa ya robo mwaka isiishie kwenye idadi ya wanufaika, ieleze pia ni maamuzi mangapi ya kituo yamebadilishwa na wakazi wenyewe. Mfadhili anayepokea namba tu atapelekewa namba tu.

Kabla kuta hazijasimama

Marekani ilitoa kanuni zake mwaka 2014 zikiwa na muda wa kujirekebisha hadi 2019. Muda ukasogezwa hadi 2022, ukasogezwa tena hadi Machi 2023. Miaka tisa ilipita katika nchi tajiri kwa ajili ya kufuli, jokofu na saa za wageni, kwa sababu kila kimoja cha vitu hivyo kilikuwa kimejengewa jengo, ajira na mazoea.

Afrika Mashariki haina Willowbrook nyingi za kubomoa. Wengi wa watu wetu wenye ulemavu wanaishi na familia, baadhi wakipendwa sana, baadhi wakifichwa vyumba vya uani. Lakini ujenzi unaendelea: mabweni ya shule zenye wanafunzi wa mahitaji maalumu, vituo vya kutwa, na makazi yanayoombwa na wazazi wa watoto wenye usonji ambao sasa wanazeeka na hawalali wakiwaza nani atabaki na mtoto. Wazazi hao wana haki ya kupata jibu, na michoro itachorwa. Kwenye mchoro wa jengo, mlango wa chumba cha kulala huonyeshwa kwa mstari mmoja na robo ya duara. Siku mchoro huo ukiwekwa mezani, mtu mwenye ulemavu awe amekaa hapo, aulizwe mlango huo ufungwe kwa upande gani, na ufunguo ukae mfukoni mwa nani.